Ziwa Likiingia Sumu, Tuanze Wapi Kulisafisha?



Mara nyingi katika ukurasa huu wa afya mmesoma maneno haya: chemsheni maji ya kunywa. Ni maneno ya kweli na tutaendelea kuyasema. Lakini leo sina budi kuwaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuwaeleza wananchi ninaowahudumia hapa Isingiro, wilaya ya Kyerwa.

Asubuhi moja mama mmoja alifika zahanati akiwa amembeba mtoto mgongoni, na mwingine amemshika mkono. Watoto wote wawili walikuwa wakitapika. Mate yaliwatoka mengi, na mboni za macho yao zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Nilimwuliza mama walikuwa wamekula nini. Akajibu, ndizi na maharage, kama watu wote wa nyumbani. Nikamwuliza tena, wamekunywa maji gani? Mama akanitazama kwa mshangao. "Mganga, maji nilichemsha. Yalitokota kabisa, kama mlivyotufundisha."

Alisema kweli. Lakini maji hayo yalikuwa yamelala usiku kucha katika dumu ambalo zamani lilikuwa na dawa ya kuua wadudu wa shambani. Dumu alilinunua mnadani. Alikuwa amelisuuza mara mbili, likaonekana safi. Watoto tuliwapeleka hospitali siku ile ile, nao wakapona. Hata hivyo jibu la mama yule halikunitoka moyoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchemsha maji. Sikuwa nimemfundisha kwamba kuna vitu ambavyo moto hauviondoi.

Nilipokwenda kwenye darasa la watu wazima nilieleza habari za madumu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Akasema, "Mwanangu, dumu tutalitupa. Je, ziwa zima likiingia sumu? Ziwa halitupwi. Husafishwa namna gani?" Siku ile sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muda nikasome. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwenu ninyi nyote.

MOTO HUUA NINI, NA HAUUI NINI?

Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu. Vijidudu ni viumbe hai, kwa hiyo vikipata moto vinakufa. Lakini zebaki, risasi, shaba na arseniki si viumbe hai. Ni madini. Kitu kisicho hai hakiwezi kuuawa.

Jaribuni jambo hili jikoni. Tieni chumvi katika sufuria ya maji, kisha yachemsheni mpaka yapungue nusu. Onjeni. Je, chumvi imepungua? La, imezidi ukali. Maji yamepanda juu kama mvuke, chumvi imebaki. Ndivyo yalivyo madini mengi yenye sumu. Kuchuja kwa kitambaa nako huzuia takataka na tope, lakini hakuzuii madini yaliyoyeyuka. Dawa ya kutibu maji, ile ya vidonge, huua vijidudu tu.

Kwa hiyo, maji yakishaingia sumu ya kiwanda au ya mgodi, mama wa nyumbani hana chombo cha kuyatengeneza jikoni kwake. Kinga yake iko mbali na jiko. Iko pale sumu inapotoka.

KWA NINI ZIWA HUUMIA KULIKO MTO?

Mto hupita. Ziwa hukaa. Ziwa ni kama beseni: kila kinacholetwa na mito kinatua humo. Sumu ikiingia ziwani hujificha mahali patatu.

Kwanza, katika maji yenyewe. Hii ndiyo sumu inayoondoka mapema, maana maji hubadilika.

Pili, katika tope la chini. Madini ni mazito, hushikana na udongo na kutua. Huko hukaa miaka mingi. Dhoruba ikilikoroga tope, sumu huinuka tena.

Tatu, katika viumbe. Zebaki, kwa mfano, huingia katika vijimea vidogo vya majini. Vijimea huliwa na wadudu, wadudu huliwa na samaki wadogo, na samaki wadogo huliwa na samaki wakubwa. Kila hatua sumu huongezeka. Mwisho wa yote, samaki mkubwa huliwa na mtu.

Sasa mnaona kwamba ziwa linaweza kuonekana jeupe na zuri juu, na huku chini lina ugonjwa.

MFANO WA JIRANI: ZIWA GEORGE

Mfano ulio karibu nasi uko Uganda. Wengi wetu tunaijua njia ya kuvuka mto Kagera pale Murongo kwenda Mbarara. Ukiendelea mbele, ukapita Bushenyi na kuuvuka mfereji wa Kazinga, utafika mji wa Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori. Kabla ya kufika Kasese, upande wako wa kulia, liko Ziwa George. Eneo lake ni kilomita za mraba 250 hivi. Kina chake ni kifupi, kwa wastani hakifiki meta 3. Kando yake wanakaa wavuvi.

Juu milimani, mahali paitwapo Kilembe, machimbo ya shaba yalianza kazi mwaka 1956 na kuendelea mpaka mwaka 1982. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa katika tanuri la umeme. Lakini mbale ya Kilembe, yaani mawe yenye madini, haikuwa na shaba peke yake. Ilikuwa pia na kobalti, chuma na salfa. Mabaki yenye kobalti yalirundikwa pale Kasese, nje, pasipo paa. Rundo hilo lilizidi tani milioni 1.

Mawe yenye chuma na salfa yakisagwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, hubadilika na kutoa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha madini mengine. Basi kila mvua iliponyesha, maji makali yalitiririka kutoka kwenye rundo, yakapita katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth kuelekea ziwani. Yalipopita, nyasi zilikufa na ardhi ikabaki tupu. Wataalamu waliochota tope la chini ya ziwa walikuta shaba na kobalti ndani yake.

Mgodi ulifungwa na wafanyakazi wakarudi makwao. Lakini rundo halikufungwa. Liliendelea kutoa sumu mwaka hata mwaka, pasipo mtu yeyote kufanya kazi hapo. Mgodi ukifungwa haina maana kwamba sumu nayo imekoma.

JINSI RUNDO LILIVYOONDOLEWA

Katika miaka ya 1990 iliundwa kampuni ya Kasese Cobalt ili kulishughulikia rundo lile. Kiwanda chake kilianza kutoa kobalti mwaka 1999. Ajabu ni kwamba walitumia bakteria, yaani vijidudu. Tumezoea kuvihesabu vijidudu vyote kuwa adui. Lakini hivi havili nyama wala damu ya mtu. Chakula chao ni chuma na salfa iliyo ndani ya mawe. Vilitiwa katika matangi makubwa pamoja na maji na mabaki ya mawe, vikapulizwa hewa. Vikafanya kwa siku chache kazi ambayo mvua ingeifanya kwa miaka mingi. Kobalti ikayeyuka, ikakusanywa na kuuzwa. Tindikali ikapozwa kwa chokaa, na mabaki yakawekwa katika mabwawa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kitu kilichokuwa sumu ziwani kikawa mali kiwandani.

Baada ya zaidi ya miaka 10 rundo la Kasese lilikwisha. Je, kazi imemalizika? La. Kule juu Kilembe yalibaki mabaki mengine ya machimbo kando ya mto Nyamwamba. Mwezi wa Mei mwaka 2013 mto huo ulifurika. Mwezi wa Mei mwaka 2020 ukafurika tena, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mafuriko yalisomba na mabaki yale, yakayashusha bondeni. Mlango mmoja wa sumu ulikuwa umefungwa, lakini mwingine uliachwa wazi, tena ule wa juu.

Liko jambo jingine la kujifunza huko. Maji yanayoelekea ziwani hupita kwanza katika mafunjo. Mafunjo hufanya kazi ya chujio. Mwendo wa maji hupungua, tope hutua, na sehemu ya madini hunaswa katika mizizi na udongo. Bila ya mafunjo hayo, Ziwa George lingeumia zaidi.

MFANO WA MBALI: GHUBA YA MINAMATA

Labda mtauliza: na sumu iliyokwisha kutua chini ya maji, inafanywaje? Hapa tutazame nchi ya Japani, katika mji wa Minamata. Hapo si ziwa, ni ghuba ya bahari, lakini ugonjwa ni ule ule.

Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga maji yenye zebaki katika ghuba. Paka waliokula samaki walianza kuyumba na kuanguka. Baadaye wavuvi na watoto wao wakashikwa na ganzi ya vidole na midomo, wakatetemeka, wakatembea kama walevi, macho yakapungua nguvu. Wengi walikufa. Akina mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye ulemavu. Ugonjwa huo ulitangazwa mwaka 1956. Kiwanda kiliacha kumwaga zebaki mwaka 1968. Hesabuni wenyewe: ni miaka 12 ya watu kuendelea kula samaki wenye sumu. Samaki wale walipikwa, lakini kupika hakukusaidia.

Baada ya kiwanda kuacha, hatua zilizofuata zilikuwa hizi. Mwaka 1974 wavu uliwekwa kuzuia samaki wa ghuba wasichanganyike na wa nje. Kuanzia mwaka 1977 mpaka 1990 tope lenye sumu nyingi lilifyonzwa kutoka chini, na sehemu nyingine ikazungushiwa ukuta na kufunikwa kwa udongo safi. Tope lililoshughulikiwa lilifikia meta za ujazo milioni 1 na nusu hivi. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na kampuni yenyewe. Samaki walipimwa mara kwa mara. Wavu uliondolewa mwaka 1997, samaki walipoonekana wanafaa kuliwa.

Kutoka kutangazwa kwa ugonjwa mpaka kuondolewa kwa wavu ilipita miaka 41. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

JIBU KWA SWALI LA MZEE

Sasa naweza kumjibu mzee wangu. Ziwa husafishwa kwa hatua nne, na hatua hizi hazirukwi.

1. Kufunga mlango wa sumu. Hii ndiyo hatua ya kwanza kila mahali. Nyumba ikivuja, hatuanzi kwa kupiga deki. Twaziba paa kwanza. Kusafisha ziwa huku kiwanda kinamwaga ni kupoteza fedha na nguvu.

2. Kushughulikia sumu iliyokwisha kuingia. Tope hufukuliwa au kufunikwa. Hii ni kazi ya wataalamu, maana tope likikorogwa ovyo sumu husambaa. Wanakijiji wasijaribu kuifanya kwa majembe.

3. Kulinda chujio la asili. Mafunjo na miti ya kando ya mito isikatwe, wala mabonde ya maji yasichomwe moto.

4. Kupima na kungoja. Ziwa ni kama mgonjwa aliyepata kidonda kikubwa. Mganga husafisha na kufunga, lakini nyama huota kwa wakati wake. Kila baada ya muda hapana budi kupima maji, tope na samaki. Mpaka vipimo vionyeshe usalama, watu wasile samaki wa hapo.

Mtu mmoja akiifanya hatua ya kwanza mapema, hatua ya pili haitahitajika kamwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

SISI TUNAHUSIKA WAPI?

Huenda msomaji wa Karagwe au Kyerwa akasema: hatuna viwanda vikubwa, mambo haya ni ya Kasese na Japani. Tusijidanganye. Mto Kagera unatuzunguka. Unapanda kaskazini kati yetu na Rwanda, unakata kwenda mashariki kati yetu na Uganda, unapita Kyaka, kisha unaingia Ziwa Victoria. Hakuna mto mkubwa kuliko huo unaoingia ziwa hilo. Tunachotupa kwenye kijito leo kitanywewa na mtu wa bondeni kesho. Sisi ndio watu wa juu. Kwa watu wa ziwani, sisi ndio Kilembe.

Tena katika wilaya yetu bati limechimbwa tangu wakati wa Waingereza, na wachimbaji wadogo wanaendelea kuchimba kwa sululu na kuosha kwa maji. Sitaki kuwatia hofu bure. Jiwe la bati si sumu kali kama zebaki. Lakini tope jingi likiingia mtoni hufunika mayai ya samaki na kuharibu visima vya walio chini. Na mawe ya bati yaweza kukaa pamoja na madini mengine, kwa hiyo yafaa maji ya karibu na machimbo yapimwe.

Basi tufanye haya:

(a) Wachimbaji wasioshee mchanga ndani ya mto. Wachimbe mashimo mawili au matatu yanayofuatana mbali na ukingo. Maji machafu yaingie shimo la kwanza, tope litue, maji yapite shimo la pili, kisha yatumiwe tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga meta 60 kando ya mito na maziwa. Umbali huo tuuheshimu.

(b) Mabaki ya machimbo yasiachwe wazi kwenye miteremko. Yafukiwe, yapandwe nyasi na miti.

(c) Vijana wanaokwenda Geita kuchimba dhahabu wasilete zebaki nyumbani. Zebaki isichomwe jikoni wala karibu na watoto na akina mama wajawazito, maana mvuke wake hauonekani na huingia mapafuni.

(d) Pampu za kunyunyizia dawa zisioshwe mtoni. Dumu la dawa lisitumiwe tena kwa maji, pombe, maziwa wala mafuta, hata likisuuzwa mara kumi. Litobolewe ili mtu mwingine asiliokote.

(e) Mkiona samaki wengi wamekufa, au maji yamebadilika rangi au harufu ghafula, msinywe wala msichote, na samaki hao msiwaokote. Msiseme "tutachemsha." Tumieni maji ya mvua au ya chemchemi iliyojengewa. Siku ile ile mpelekeeni habari mwenyekiti wa kijiji na afisa afya, ili wawaite watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

(f) Mwekezaji akija na mpango wa kiwanda au mgodi, mkutano wa kijiji umwulize maswali matatu. Maji yako machafu yatakwenda wapi? Mabaki yatawekwa wapi? Siku ukifunga kazi, nani atayaangalia? Swali la tatu ndilo ambalo mara nyingi husahauliwa. Lingeulizwa mapema Kasese, huenda rundo lile lisingelala kwenye mvua miaka mingi namna ile.

Mwisho, ndugu wasomaji, msiache kuchemsha maji kwa sababu ya makala hii. Vijidudu vingali adui yetu wa kila siku, na wagonjwa wa kuhara ninawaona kila wiki. Chemsheni. Lakini pamoja na kuchemsha, tokeni siku moja na majirani mkapande kandokando ya kijito chenu, mpaka kinapoanzia, mkaone kinapitia wapi na kinapokea nini njiani. Mama yule wa dumu siku hizi ndiye anayewakagua wenzake kisimani. Kila dumu geni huliuliza: lilikuwa na nini kabla ya leo? Swali lake linafaa kuulizwa hata juu ya mto.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi sumu ya madini? Elezeni kwa mfano wa chumvi.
2. Sumu ikiingia ziwani hujificha mahali gani patatu?
3. Rundo la Kasese liliondolewa, lakini kazi haikumalizika. Kwa nini?
4. Katika kijiji chenu, nani yuko juu ya mto na nani yuko chini? Mtakutana lini kuzungumza?

Mganga Msaidizi,
Isingiro, Kyerwa.